Podo limejaa, beki hakuna!

Makocha wa Igowole, tusikilizane. Mhadzabe wa Ziwa Eyasi mara nyingi huingia porini bila podo, upinde na mishale michache mkononi. Ila kila mshale una kazi yake: wa mti mtupu kwa ndege, wa chuma chenye sumu kwa mnyama mkubwa. Nyinyi mnajaza benchi mastraika watupu, beki akiumia mnabaki kutazamana! Sheria inaruhusu kubadili wachezaji watano, sawa, lakini nauli ya Mafinga inatoka mifukoni mwa vijana wanaochuma chai. Mechi ijayo bebeni kipa wa akiba, mabeki wawili, kiungo mkabaji, na straika mmoja tu wa dakika za lala salama.