Baada ya Peponi, Adili

Dada yangu, nami nimemaliza Peponi hapa Songo Songo, ile riwaya ya Gurnah ya 1994 aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto mdogo, anatolewa kwa tajiri kwa sababu ya deni la babake! Iliniuma mno. Kisha nikamrudia Shaaban Robert, Adili na Nduguze. Wanaosema hadithi za majini ni za watoto wakisome kitabu kile: Adili ameamrishwa kuwachapa kila usiku manyani wawili, nao ni nduguze wa damu, na moyo wake hautaki. Uchungu wa undugu sijauona ukielezwa vizuri kuliko pale. Sasa naitafuta Nagona ya Kezilahabi. Kama unayo, niazime. Mpe mtu wa mashua ya Kilwa. Nami nitakupa Kusadikika.