Lisbon hadi Helsinki ni masaa mangapi? Inategemea pasipoti yako

Wasee, tangu nirudi kutoka Ulaya kila mtu ananiuliza safari za huko ni masaa mangapi. Hilo swali limenichosha.

Chukua Lisbon hadi Helsinki. Ukitafuta mtandaoni utaambiwa ni kilomita 3,300 na kitu, ndege ya moja kwa moja masaa manne na nusu hivi. Hiyo inapita Nairobi hadi Johannesburg, na bado hujatoka Ulaya! Tena Helsinki iko mbele kwa masaa mawili, kwa hivyo ukipaa saa nne asubuhi unatua kama saa kumi na nusu jioni. Kurudi ndio tamu: unatoka saa nne, unafika Lisbon watu wakila lunchi.

Sasa, hayo ni masaa ya ndege. Yako ni mengine.

Nilikuwa Lisbon kwa kazi ya video, na viza ya Schengen ya kuingia mara moja tu. Binamu yangu anasoma Helsinki, nikaona wacha nimsalimie. Tiketi ya moja kwa moja ilikuwa bei ya kuuza figo. Apu ikanionyesha nyingine, karibu nusu bei: unapitia London, unachukua begi lako, unapanda ndege ya kampuni nyingine. Jumla masaa kumi na moja. Mimi mtoto wa jam ya Mombasa Road, masaa kumi na moja ni nini? Nikalipa.

Pale kaunta Lisbon, dada mmoja akageuza kurasa za pasipoti yangu, akauliza kwa upole viza ya Uingereza iko wapi. Sikuwa nayo. Uingereza haiko Schengen, na kuchukua begi London ni kupita uhamiaji. Hata ningekuwa nayo, ile viza yangu ya mara moja ingekuwa imeisha nikitoka tu Ureno, na Finland hawangeniruhusu kuingia. Pesa haikurudi. Jamaa wa Ireland nyuma yangu, tiketi kama yangu, alipita akipiga mluzi. Kwake yalikuwa masaa kumi na moja kweli.

Ndio maana nina shida na hizi apu. Zinataka kujua umri wako, begi la kilo ngapi, kama unataka dirishani. Pasipoti? Ile niliyotumia haikuuliza mpaka nikalipa. Ingejua ni ya Kenya, hiyo njia ya London ingekuja na onyo jekundu, au isije kabisa. Najua mtasema masharti yalikuwa hapo chini. Yalikuwa, kwa herufi za sisimizi. Na sawa, nusu ya kosa ni yangu, nilisoma bei nikaruka njia.

Kumbe Ureno na Finland zote ziko Schengen, ukienda moja kwa moja ni kama Kisumu hadi Mombasa, hakuna wa kukugongea muhuri. Ukikosa hiyo, badilisha ndege Frankfurt, Amsterdam au Copenhagen, bado uko ndani. Ukiona London, Dublin ama Istanbul na viza yako ni ya mara moja, funga hiyo apu.

Binamu nilimsalimia kwa simu ya video, nimekalia begi langu pale uwanjani. Alikuwa ameshapika chapati.