Tamko la Abiria wa Treni za Mjini: Mlango Kwanza, Pua Baadaye



Sisi abiria wa treni za mjini Dar es Salaam tunaipongeza treni ya umeme iliyoanza safari Novemba 2024, ambayo wananchi wameipa jina la Mchongoko. Pua yake imechongwa ili ipasue upepo kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na kwa safari ya Dodoma inafaa. Ila treni ya mjini husimama kila baada ya kilomita chache. Kazi yake kubwa ni kushusha watu na kupakia, na kazi hiyo hufanyika mlangoni.

Tunakumbuka Oktoba 29, 2012, “treni ya Mwakyembe”, iliyoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilipoanza kubeba watu wa Ubungo kwa njia moja na wa Mwakanga kwa njia ya TAZARA. Ilituokoa na foleni. Hata hivyo, treni ya kichwa na mabehewa ina mzigo wake: ikifika mwisho wa njia, kwa kawaida ama kichwa kizungushwe upande wa pili, ama kiwepo kingine nyuma.

Nairobi ilipiga hatua mwaka 2020 kwa kununua treni za dizeli zilizokwisha kutumika kisiwani Mallorca, Hispania, ambako nako reli ni ya upana wa mita moja. Treni hizo zina chumba cha dereva kila ncha. Dereva akifika mwisho huhamia ncha ya pili, safari ikaanza. Tokyo, kwenye njia ya Yamanote, behewa la mita 20 lina milango minne kila upande. Na hapa hapa kwetu, tangu 2016 abiria wa mwendokasi anatoka jukwaani na kuingia basini bila kupanda ngazi.

Kila kituo kikila dakika moja ya ziada kwa sababu ya milango michache au ngazi, njia ya vituo kumi imekula dakika kumi, na treni ya nyuma inasubiri.

Kwa hiyo tunazitaka mamlaka zinazopanga treni za mjini zihakikishe kwamba:

1. Zabuni inataja idadi na upana wa milango kabla ya kutaja umbo na rangi.

2. Sakafu ya behewa na jukwaa vinalingana, ili mjamzito, mzee, mwenye kiti cha magurudumu na mama ntilie mwenye ndoo zake wapande bila kunyanyuliwa.

3. Kila treni mpya ina chumba cha dereva ncha zote mbili.

4. Mfano wa behewa, hata wa mbao, unaletwa stesheni saa kumi na mbili asubuhi tuupande na kuushuka, kabla kiwanda hakijaanza kazi.

Imetolewa na Kamati Tendaji,
Dar es Salaam.