Kachi: mpiganaji asiye na dawa naye apewe kazi kwenye ringi

Kabondo, Kisangani. Siku ya kachi mtu hana haja ya kuuliza habari. Fanfari inapita barabarani tangu mchana, wapiganaji wako nyuma yake wamepaka rangi usoni, watoto wanakimbia kando. Swali linalopita mdomo kwa mdomo kabla ya jioni ni moja tu: nani kati yao ana dawa? Yule ambaye inasemwa kwamba "ana mikono tu", hata akiwa na kifua kipana kama mlango, watu wameanza kumwonea huruma kabla hajavua shati.

Na usiku wanaona kwamba huruma ile ilikuwa na sababu. Mwenye dawa anamtazama mwenzake, na mwenzake anaganda kama mti. Anapuliza unga, mtu analala. Kuna wanaojifanya wanatoa matumbo ya adui tumboni na kuyatafuna mbele ya watu, na wamama wa mbele wanaruka kutoka vitini. Mwenye mikono tu anafanya nini? Anakamata, anainua, anaangusha. Halafu anakamata tena. Watu wanageuka kuongea bei ya mafuta ya mawese.

Hapo ndipo kijana anayejifunza kachi anapochukua uamuzi. Badala ya kutafuta mwalimu, anatafuta mtu wa dawa. Franka alizopata kwa kubeba mizigo zinaishia kwenye vifurushi na hirizi, wala si kwenye chakula na mazoezi ya shingo. Shingo isiyofanya mazoezi haiokolewi na hirizi pale mtu wa kilo 90 anapoianguka, hata kama mchezo wenyewe umepangwa.

Waandaaji wanajitetea kwamba ndivyo watu wanavyotaka: bila dawa, hakuna anayenunua kiti. Jibu hilo lina ukweli nusu. Watu hawachoki na mpiganaji wa kawaida kwa sababu ni wa kawaida. Wanachoka naye kwa sababu hakuna aliyempa kitu cha kuchagua, wala kitu anachoweza kupoteza. Amewekwa pale ili apigwe na uchawi. Ndugu yake mwenyewe angesinzia.

Tatizo hili si la Kongo peke yake. Mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Watu wanakaa kuzunguka meza na karatasi na dadu, kila mmoja anakuwa mtu wa hadithi, na mmoja wao anaongoza: anawaeleza wako wapi na nani yuko mbele yao. Mwanzoni kulikuwa na aina 3 za watu wa kuchagua: mpiganaji, mchawi, na mtu wa dini. Mchawi alianza dhaifu kabisa, lakini kila alipopanda ngazi alipata maneno mapya ya uchawi, mpaka mwisho anaweza kuchoma kundi zima kwa neno moja. Mpiganaji alipanda ngazi naye, lakini zamu yake ilipofika alisema lile lile la siku ya kwanza: "Napiga." Anatupa dadu. Amepata au amekosa. Zamu ya mwingine.

Malalamiko yalikaa miaka mingi. Mwaka 2008 wenye mchezo wakampa mpiganaji mbinu nyingi na uwezo wa kumkwamisha adui asiwafuate wenzake. Mwaka 2014 wakaweka njia kadhaa, zikiwemo hizi mbili: mmoja rahisi wa kupiga tu, na mwingine mwenye dadu za ziada za kumwangusha adui, kumsukuma, au kumtia moyo mwenzake. Mwaka 2024 wakasema kila silaha iwe na ujanja wake, moja inaangusha, nyingine inasukuma. Ni kazi nzuri, ila ni nusu ya dawa (neno limetoka lenyewe). Ukimpa mpiganaji orodha ndefu ya mbinu zenye majina makubwa, mwishowe umetengeneza mchawi mwingine mwenye upanga. Kuna watu wanaompenda mpiganaji kwa sababu ni mwepisi kueleweka. Mtoto wa miaka 8 anamwelewa. Wepesi huo haufai kuuawa.

Kitu kinachomfanya mtu wa kawaida apendeze ni mahali alipowekwa. Weka daraja bovu, weka mlango mwembamba, weka mwenzake aliyeanguka nyuma yake: sasa kusema "nabaki hapa" ni uamuzi, na mchawi hawezi kuufanya kwa niaba yake.

Mwaka huo huo wa 1974, tarehe 30 Oktoba, Kinshasa iliona jambo hilo kwa macho. George Foreman alikuwa na miaka 25, mapigano 40 bila kushindwa, 37 kati ya hayo aliyamaliza kwa kuangusha watu. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32. Wengi waliogopa kwamba atauawa. Ali akaenda kuegemea kamba. Raundi baada ya raundi akakubali kupigwa kwenye mikono na mbavu huku akiongea sikioni mwa Foreman, mpaka mikono ya yule kijana ikawa mizito kama magunia ya mihogo. Raundi ya 8 Foreman akalala chini. Hakuna unga uliopulizwa. Kulikuwa na kamba, jua la siku nyingi za kungoja, na mtu aliyechagua kuumia kwanza ili ashinde baadaye. Wazee wa Kisangani waliofuata pambano lile kwa redio bado wanalieleza. Nani anaeleza mechi ya kachi ya mwezi uliopita?

Hadithi za zamani nazo zinajua siri hii. Fumo Liyongo wa pwani ya Kenya, ambaye Muhammad Kijumwa aliandika utendi wake mwaka 1913, alikuwa mtu wa nguvu na upinde. Adui zake walipanga karamu ya makoma: kila mtu apande mti kwa zamu aangushe matunda, na zamu ya Liyongo ikifika wamchome mishale akiwa juu. Liyongo hakupanda. Alichukua upinde akayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Silaha ile ile, nguvu ile ile, lakini msikilizaji anapiga mkono pajani. Tena alikuwa na mahali pamoja pa kufa, kitovuni, na mtoto wake mwenyewe ndiye aliyepajua. Kila mtu anayeisikia anangoja ile sindano ya shaba tangu mwanzo. Mpiganaji asiye na mahali pa kufa anangojewa na nani?

Karibu zaidi na hapa, kwa Wanyanga wa Walikale, kuna Mwindo. Hadithi yake ilichukuliwa mwaka 1956 kwa mdomo wa Candi Rureke, ikatolewa kama kitabu na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Huyu ana dawa hasa: usinga wake unamfufua hata akipigwa chini. Lakini wapenzi wa kachi ya dawa wasikilize inavyoendelea. Mwindo anaua Kirimu, joka la msitu, bila kujali kwamba Kirimu ni rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba anampandisha mbinguni, anateswa na baridi, mvua na joto la jua, na anarudi chini na masharti. Kwa Wanyanga, nguvu ina bei. Kwenye ringi zetu dawa haina bei yoyote. Mtu anapuliza unga mara 6 usiku mmoja, na kesho anapuliza tena. Kwa hiyo hata huyo mwenye dawa, usiku wa tatu, anachosha. Waandaaji hawajaona kwamba wanaua wapiganaji wote wawili.

Kuna jambo zito zaidi, na Kisangani ina haki kuliko miji mingine ya kulisema. Mji huu, ukiitwa bado Stanleyville, uliingiwa na Simba mwezi wa Agosti 1964. Vijana wale walichanjwa dawa, wakapiga kelele "Mai Mulele", wakaamini kwamba risasi zitakuwa maji. Dawa yao ilikuwa na masharti: usimguse mwanamke, usitazame nyuma, usiguswe na mtu asiye Simba. Na kijana alipoanguka, haikusemwa kwamba dawa imeshindwa. Ilisemwa kwamba yeye amevunja sharti. Mpaka tarehe 24 Novemba, siku askari wa Ubelgiji waliposhuka kwa miamvuli, ni wangapi walikuwa wamezikwa na kosa hilo juu ya majina yao? Miaka ya baadaye vijana wa vikundi vingine vya msituni walipewa maji yale yale. Kachi ni mchezo, na hakuna anayesema kwamba mchezo wa jioni unapeleka mtoto vitani. Lakini mtoto anayekaa mbele ya ringi kila mwezi akiona kwamba mwenye mazoezi anashindwa na mwenye unga, anafundishwa kitu, na mji huu umekwisha kulipia somo hilo.

Kufuta dawa kwenye kachi hakutawezekana, wala hakufai. Watu wanaipenda, wanacheka, wanaogopa kidogo, wanarudi nyumbani wamefurahi. Iwekewe bei tu. Mwenye dawa aitumie mara moja katika mechi, na fanfari iwatangazie watu hivyo tangu mchana. Mara moja! Basi watu wote watakuwa wanangoja: atatumia sasa au ataiweka? Na mwenye mikono tu naye ana kazi: kumfanya aitumie mapema, bure, kwa hasira. Hapo tayari kuna akili inayopigana na akili. Akishaitumia, wamebaki watu wawili wenye mikono, na mmoja wao ndiye aliyefanya mazoezi.

Kisha apewe mtu wa kuwa. Majina ya simba na chui na radi yamejaa; hakuna anayekumbuka nani ni nani. Mtu wa toleka, anayebeba watu kwa baiskeli kutoka soko mpaka nyumbani tangu asubuhi, ana miguu ambayo kila mama wa Kabondo anaijua: akikamata kiuno kwa miguu, hakuna anayetoka. Mvuvi wa Wagenia amezoea kusimama juu ya miti yenye utelezi, maji ya maporomoko yakivuma chini yake na kitego kikubwa mkononi. Mtu kama huyo haanguki. Itangazwe hivyo: huyu haanguki. Sasa ringi nzima itataka kuona nani atamwangusha, na akianguka siku moja, watu watalia kweli. Havihitaji rangi, kinyago wala jeneza.

Mechi za wawili kwa wawili zinafaa zaidi kuanza nazo. Mwenye dawa na mwenye mikono wawe upande mmoja, kama kwenye ile meza ya Wamarekani. Mwenye dawa anahitaji muda wa kutayarisha mambo yake, na muda huo mtu fulani lazima asimame mbele apigwe. Mwamuzi ahesabu kwa sauti, watoto wahesabu naye. Watajua wenyewe ni nani aliyelipa ushindi ule.

Waandaaji watasema kwamba hayo yanataka mazoezi ya wiki nzima, na wapiganaji hawalipwi wiki nzima. Hilo ni kweli, na ni hoja pekee ya maana waliyo nayo. Pesa ambayo leo inakwenda kwa mtu wa dawa inaweza kuanza kulipa siku 2 kati ya hizo.