Likasi: Mtoto mwenye ulemavu si kazi ya ulozi wala kosa la mama

Mtoto akizaliwa na mguu uliopinda au mdomo uliopasuka, bado ziko familia mjini Likasi ambazo hazitafuti daktari, zinatafuta mwenye kosa. Mara nyingi lawama humwangukia mama: eti alimcheka mlemavu alipokuwa na mimba, eti kwao kuna ulozi. Baba anaondoka, mtoto anafichwa nyumbani.

Mashtaka hayo hayana msingi. Polio huletwa na virusi, na chanjo yake ipo. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kuumia ubongo. Malaria kali au homa ya uti wa mgongo inaweza kumwachia mtoto uziwi ama kupooza. Hakuna mlozi hapo.

Kuna jambo lingine ambalo mji wa migodi hauwezi kulikwepa. Kati ya 2013 na 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walilinganisha watoto wachanga 138 wa Lubumbashi waliozaliwa na kasoro za mwili na wengine 108 wasio nazo. Matokeo yalitolewa 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health: hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi migodini. Utafiti huo haukufanyika Likasi, wala haukusema kwamba kila ulemavu unatoka mgodini. Lakini katika mji unaoishi kwa shaba na kobalti, wanaomnyooshea mama kidole wanapaswa kufikiri upya. Baba naye asibebeshwe lawama, maana anatafuta bukari ya watoto wake. Wa kuulizwa juu ya vumbi na usalama wa wafanyakazi ni makampuni na serikali.

Imani hizi zina gharama. Mguu uliopinda tangu kuzaliwa, ukianza kufungwa plasta katika wiki za kwanza, mara nyingi hunyooka bila upasuaji mkubwa. Familia inayotumia miezi kutafuta mlozi inampotezea mtoto nafasi hiyo. Kuomba si vibaya, ila mtoto apelekwe hospitali kwanza.

Wengine husema kumsomesha mtoto kama huyo ni kupoteza pesa. Irène Esambo, mwanasheria anayeishi na ulemavu, aliingia katika serikali ya Kongo mwaka 2019 kama waziri mjumbe. Na Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Haki hizo haziombwi kama sadaka.

Wachungaji na wakubwa wa mitaa, kuanzia Kikula hadi Panda na Shituru, wanasikilizwa na familia. Waanze kwa kumwambia baba arudi nyumbani, na wamwonyeshe mama njia ya hospitali.