Kinyesi cha Mbwa Kisidharauliwe

Katika jiji la Arusha na vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, mbwa ni askari wa nyumba. Usiku hulinda migomba na ng'ombe. Mchana hujitafutia riziki penye machinjio. Ni wachache wanaokitazama kinyesi chake, ingawa mara nyingi ndicho kinachotangulia kutoa habari za maradhi.

Choo cheusi kama lami huonyesha damu inayovuja tumboni. Mtoto wa mbwa akihara damu, daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo. Punje kama za mchele ni vipande vya tegu, ambaye mbwa na paka humpata kwa kumeza viroboto. Wenzetu wa Visiwani, wanaolala na paka nyumba moja, nao wazitazame.

Lakini yuko tegu mwingine, asiyefikia sentimita moja, ambaye hana dalili. Mbwa humpata kwa kula ini au mapafu ya kondoo na mbuzi yenye mifuko ya maji. Mayai yake yakimwingia mtoto kinywani, mifuko ile ile humea mwilini mwake kwa miaka, pengine hata apasuliwe. Ugonjwa huu umekwisha kuonekana kwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania. Hadubini huyaona mayai hayo, ila haiwezi kuyabagua na ya tegu wengine.

Kwa hiyo twawataka wakuu wa mifugo Arusha wahakikishe kila machinjio ina shimo lenye kifuniko la kutupia viungo vibovu, na dawa ya tegu ya mbwa iuzwe kwa bei ambayo mkulima wa Meru aimudu.