Mwalimu wa Udi Naye Akumbukwe

Likizo ya Agosti ikifika, watoto hupumzika na walimu wa shule hupumzika nao. Mwalimu wa muziki anayefundisha nyumbani kwake hana mapumziko hayo. Katika miji yetu ya pwani huo ndio wakati wake wa kazi nyingi, kwani wanafunzi waliokuwa wakimjia mara moja kwa juma sasa humjia kila asubuhi. Nazo jioni ambazo angejinyoosha barazani huzitumia kwenda kuwasikiliza wale waliokwisha kuanza kupiga mbele za watu. Ni hizo jioni tunazotaka kuzisemea leo, maana hakuna azilipaye na wachache wanaojua kazi inayofanyika ndani yake.

Tunamfahamu mmoja wa Mombasa. Jina lake tutalihifadhi, kwa kuwa hakututuma kumsemea. Hufundisha udi na fidla katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na ada anayotoza haifiki nauli anayoitumia mwezi wa harusi nyingi. Mwanafunzi wake akiitwa kupiga ng'ambo ya Likoni, mzee huyu huvaa kanzu yake, akavuka feri na kwenda. Ikiwa ni shughuli ya wanawake, haingii ukumbini. Huketi nje nyuma ya ukuta, kwenye kiti cha plastiki karibu na jenereta, akasikiliza kinachotoka katika vipaza sauti. Watu humpita wakidhani ni mlinzi.

Msomaji atauliza: kwani mwalimu hakumsikia mwanafunzi wake huko nyumbani? Alimsikia. Lakini udi una tabia yake. Shingo ya udi haina vituo kama ya gita. Hakuna kinachomwambia mpigaji kidole kiwekwe wapi ila sikio lake. Na katika maqamu zetu, kama bayati au sika, ziko sauti ambazo katika kinanda cha kawaida hazipo kabisa, kwani zinaangukia katikati, baina ya kitufe cheusi na cheupe. Kijana akiwa chumbani na mwalimu wake, kumetulia, kidole huenda mahali pake. Akienda harusini akaketi ubavuni mwa kinanda cha umeme kilichofunguliwa sauti mpaka mwisho, kidole chake huanza kukifuata kinanda bila yeye kujua. Viko vinanda vinavyoweza kurekebishwa vitoe sauti hizo za katikati, lakini si kila mpigaji anayejishughulisha kuvirekebisha. Baada ya harusi kumi bayati ya kijana huyo si bayati tena, na wasikilizaji waliozoea hivyo hawamwambii kitu. Wanampigia makofi.

Ndiyo sababu mzee yule anakaa karibu na jenereta. Anasikiliza kile ambacho hakiwezi kusikika chumbani kwake: kama kijana anaharakisha mwimbaji anapochelewa, kama anajua kunyamaza fidla inapojibu, kama nyuzi zimelegea kwa joto la ukumbi naye hakutambua. Kesho yake asubuhi wataanza hapo hapo. Kwa maoni yetu hiyo ni nusu nzima ya ufundishaji, na ni nusu inayofanywa bure.

Sasa tutazame fedha zinavyokwenda katika shughuli hiyo hiyo. Kikundi hulipwa na wenye harusi. Mwimbaji hutunzwa, noti zikarushwa na nyingine zikabandikwa kwenye paji la uso. Mwenye vyombo hulipwa, mpishi hulipwa, na mpiga picha siku hizi hulipwa kushinda wote. Aliyemtia kijana udi mkononi miaka sita iliyopita hurudi kwake saa saba za usiku kwa nauli yake mwenyewe. Hatusemi watu wetu ni wachoyo, hasha. Mtoto anapohitimu Kurani, mwalimu wake huheshimiwa na kupewa zawadi mbele ya jamaa wote. Hatulinganishi mambo haya mawili wala hayalingani. Tunasema tu kwamba desturi ya kumkumbuka mwalimu hadharani tunayo, si jambo la kuletewa kutoka kwingine.

Twajua pia kwamba wako miongoni mwa wasomaji wetu wasiozikubali ala za nyuzi, na masheikh wetu wana kauli zao juu ya jambo hilo tangu zamani. Hukumu hiyo hatuiingilii. Maneno yetu ni kwa yule ambaye amekwisha kuagiza kikundi na kulipa ukumbi, maana huyo amekwisha kuamua. Na ikumbukwe kwamba walimu hawa wenyewe huweka udi chini Ramadhani inapoingia. Mwaka 2011 Ramadhani yote iliangukia mwezi wa Agosti, na mwalimu aliyekuwa akitegemea likizo hiyo alikaa bila pato la kazi yake.

Wengine watasema watoto waende shule za muziki, na walimu wa nyumbani waachwe. Wenzetu wa Unguja walifungua chuo mwaka 2002, Dhow Countries Music Academy, kinachofundisha udi, kanuni na fidla, na wanafunzi wake hupiga mbele ya watu kila mara. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba kinakaribia kufunga milango kwa kukosa fedha. Ikiwa chuo chenye wafadhili hupatwa na hayo, sisi wa huku tusijidanganye kwamba tunaweza kumtupa mwalimu wa chumba cha mbele. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeupeleka udi wetu mbali, alifariki mwaka 2016. Atakayefuata nyayo zake huenda sasa hivi anafundishwa kufunga uzi katika chumba kama hicho.

Tunalotaka si kubwa. Mwenye harusi anapopatana na kikundi, aulize nani kawafundisha vijana, na amwekee huyo nauli na sahani ya pilau, na kiti mahali pa kusikia vyema, mbali na jenereta. Wazazi wakubaliane na mwalimu tangu mwanzo wa likizo kwamba jioni atakazokwenda kumsikiliza mtoto wao zina malipo, kama zilivyo asubuhi. Na wale wenye kumbi wangeweza kutoa jioni moja ya likizo, kumbi zikiwa tupu katikati ya juma, wanafunzi wakapiga bila kinanda, udi na fidla na dumbaki tu, walimu wao wakiwa wameketi safu ya mbele.

Mzee wetu tulimwuliza kama angependa jina lake litangazwe jioni kama hiyo. Alicheka. Akasema kwanza wamwambie yule kijana akaze uzi wa tatu, umelegea tangu harusi ya Ijumaa.